Ukurasa wa Afya: Kwa Nini Tunakuuliza Habari za Sindano ya Zamani?

Kabla ya kuchoma sindano ya penisilini huwa tunauliza: "Je, dawa hii iliwahi kukudhuru?" Wengi hujibu "hapana" haraka haraka ili waondoke. Mwezi huu tueleze sababu ya swali hilo. Mwalimu wetu ni mbwa, mlinzi tunayemfuga wengi hapa Kalangalala.

Seli masti ni nini?

Mbwa ana seli za ulinzi ziitwazo seli masti, nasi tunazo. Mjerumani Paul Ehrlich alizieleza mwaka 1878. Zikitiwa rangi ya buluu na kutazamwa kwa hadubini, huonekana zimejaa punje za zambarau, kama gunia lililojaa mtama. Ehrlich alidhani zimenona, akazipa jina hilo. Kumbe punje hizo zina kemikali: histamini, inayoleta uvimbe na muwasho, na heparini, inayozuia damu kuganda.

Zinakaa wapi?

Hukaa kwenye milango ya mwili: ngozini, katika njia ya hewa na utumboni, kando ya mishipa midogo ya damu. Zikimwaga punje mahali pamoja, kama nyuki anapouma, panavimba tu. Zikimwaga mwili mzima, ni hatari. Mbwa huathirika zaidi ini na utumbo: hutapika, huharisha na kuanguka. Binadamu huvimba koo, hubanwa pumzi, na nguvu ya damu hushuka.

Mbwa Neptune

Mwaka 1902 Wafaransa Charles Richet na Paul Portier walimchoma mbwa Neptune sumu kidogo ya mnyama wa baharini. Hakudhurika sana. Baada ya siku 22, akiwa mzima kabisa, walimpa kiasi kile kile. Alikufa kwa dakika 25. Richet alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1913.

Leo tunajua kwamba mara ya kwanza mwili unaweza kutengeneza kingamwili zinazojishika kwenye seli masti. Huo ni mtego uliotegwa. Dawa ikirudi, unafyatuka. Ndiyo maana mtu aliyetoka vipele tu safari iliyopita anaweza kuanguka safari hii.

Mambo ya kukumbuka

1. Dawa ikikuletea vipele, uvimbe au kubanwa pumzi, jina lake liandikwe kwenye kadi yako. Mwambie kila mganga na muuguzi.

2. Usichomwe sindano nyumbani kwa jirani. Kituoni tuna adrenalini, ambayo huchomwa pajani mara moja. Baada ya sindano, ngojea kidogo tukuangalie.

3. Mtu akivimba uso au kubanwa pumzi baada ya dawa au kuumwa na nyuki, mkimbizeni hospitali bila kungoja. Akizimia, alazwe, miguu iinuliwe.

4. Mbwa wako akiota kinundu ngozini, hasa kinachovimba na kunywea, usikiminye. Huenda ni saratani ya seli masti, na kukiminya humwaga histamini. Mwone bwana mifugo.

Basi tukikuuliza tena, usione tunakuchelewesha. Fikiri kwanza, kisha ujibu.