Kitanzi cha homoni kwa ukuta mnene wa kizazi: hatua za kufuata

Taja kitanzi kwenye foleni ya kliniki, kila mtu atafikiria uzazi wa mpango. Ndiyo maana mama wa miaka 52 akiambiwa awekewe, hushtuka: kwani mimi bado nazaa? La. Kitanzi hiki ni dawa. Estrojeni ikizidi mwilini bila projesteroni ya kuituliza, ukuta wa ndani wa kizazi huota hovyo na damu hutoka bila mpango. Kitanzi cha homoni hudondosha projestini, yaani projesteroni ya kutengenezwa, palepale penye tatizo, kidogokidogo kila siku.

Hatua ya kwanza: kinyama kabla ya kitanzi. Usiikubali tiba kwa picha ya ultrasaundi peke yake, maana ultrasaundi hupima unene, haisomi seli. Kinyama kidogo huchukuliwa ndani ya kizazi na kupelekwa maabara. Majibu yakirudi, uliza jambo moja: seli zimeanza kuharibika au bado? Kama bado, uwezekano wa kupata saratani katika miaka 20 ni chini ya wanawake 5 kwa kila 100, na kitanzi ndicho chaguo la kwanza. Kama zimeharibika, ushauri wa kawaida ni kutolewa kizazi. Anayetaka bado kuzaa anaweza kujaribu kitanzi, ila kinyama kitachukuliwa kila baada ya miezi 3, na hapo hakuna kukosa tarehe.

Hatua ya pili: uliza ni kitanzi kipi. Cha shaba hakina homoni, hakitibu ukuta mnene, na chaweza hata kuongeza damu. Unachohitaji ni chenye miligramu 52 za levonorgestreli, ambayo ndiyo projestini yenyewe. Mirena ni mojawapo. Hakipo kila kituo, kwa hiyo piga simu kabla ya kupanda basi.

Siku ya kuwekewa, kula kwanza na uvae pedi. Mweleze daktari kama huenda una mimba, kama una maambukizi ya nyonga, au kama umewahi kuugua saratani ya matiti. Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Tumbo husokota kama la hedhi, na wengine hupata kizunguzungu. Usiinuke haraka kitandani.

Sasa hatua inayowashinda wengi: kuvumilia. Kwa miezi 3 hadi 6 damu huweza kuja matone matone bila kalenda, na shoga yako atakushauri ukitoe. Usikitoe kwa sababu hiyo tu. Ila ukipata homa, uchafu wenye harufu, maumivu makali, au ukipapasa nyuzi zake ukeni usizipate, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya mwisho, kama seli zako hazijaharibika, ni kurudi baada ya miezi 6 kuchukuliwa kinyama tena, na kitanzi hakihitaji kutolewa kwa ajili hiyo. Wengi hawarudi kwa kuwa damu imekata, wakadhani wamepona. Yanatakiwa majibu mawili safi yanayofuatana, yaliyopishana miezi 6, ndipo daktari akuachie. Kitanzi chenyewe chaweza kubaki hadi miaka 5. Na wewe uliyekwisha koma hedhi, ukiona damu tena, hata tone moja, usingoje tarehe ya kliniki.