Dondoo muhimu: Mashine ya bitcoin inapogoma nyumbani

Antminer S9, mashine ya kuchimba bitcoin iliyotolewa na Bitmain mwaka 2016, hula takriban wati 1,350. Kwa saa 24 hizo ni yuniti 32 hivi za umeme wa tokeni. Mkazi wa mtaa wa Jamhuri, Nairobi, afanye hesabu hiyo kabla ya kushika bisibisi, maana tangu Aprili 2024 zawadi ya kila bloku ni bitcoin 3.125 tu, na kwa umeme wa nyumbani mashine hii humfaa zaidi anayejifunza ufundi kuliko anayetafuta faida.

Kasi ikishuka kwa theluthi moja, shuku bodi. Zipo tatu, na ukurasa wa mashine kwenye kivinjari unapaswa kuonyesha chipu 63 kwa kila moja. Bodi isiyoonekana isihukumiwe mapema: zima, chomoa plagi, kaza nyaya, kisha badilisha utepe wa data na ule wa bodi inayofanya kazi. Tatizo likiufuata utepe, bodi haina kasoro.

Joto ni adui mkubwa zaidi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya huku hubeba joto kidogo. Vumbi jekundu nalo huziba mapezi ya alumini. Lipulizwe kwa hewa kavu, mapanga ya feni yakiwa yameshikiliwa yasizunguke. Bado inachemka? Punguza masafa ya chipu kidogo kidogo, ukisubiri nusu saa kila hatua.

Shika pia plagi na waya wa ekstensheni. Vikiwa moto mkononi, zima mara moja.