SOMO: Mto Sebeya na Haki ya Kuulizwa

Ndugu wafanyakazi, somo la safari hii linahusu mto Sebeya, unaotoka milima ya Rutsiro, ukapita Nyundo na kuingia Ziwa Kivu karibu na Gisenyi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 ulifurika. Mafuriko na maporomoko ya usiku ule yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini ya Rwanda. Mvua ilikuwa kubwa, ni kweli, lakini ilikuta vilima vitupu.

Msitu wa Gishwati, ulio juu ya bonde hili, ulikuwa na hekta 28,000 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Miaka ya 1980 sehemu kubwa ilifyekwa kwa malisho na misonobari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Watwa walioishi humo waliondolewa bila kuulizwa. Baada ya 1994 walihamia watu waliorudi nchini bila ardhi, na kufikia 2002 zilibaki hekta 600 tu. Hatuwalaumu waliolima, mwenye njaa hulima anapopata.

Sasa kazi ni kuponya milima. Kuanzia 2019, katika bonde la Sebeya, vijiji vimechora ramani zao na kuamua wapi pachimbwe matuta, wapi papandwe miti. Hilo ni jambo jema, na sababu yake ni ya udongo wenyewe. Tuta la ngazi likichimbwa ovyo huleta juu udongo wa chini usio na rutuba, na bila mbolea mwenye shamba hukosa mavuno msimu wa kwanza. Mtaalamu huhesabu mita za matuta. Mama mwenye shamba huhesabu debe za viazi, naye akiulizwa mapema atasema: leteni samadi kwanza. Asipoulizwa, tuta litabomoka na hatalitengeneza.

Na sisi wachuma chai na vibarua? Wengi wetu tuna vishamba kwenye miteremko hiyohiyo. Mkutano wa kijiji ukiitishwa siku ya kazi, hatumo. Lakini Jumamosi ya mwisho ya mwezi, baada ya umuganda, watu hukaa pamoja na kuzungumza. Tusiondoke mara jembe linapowekwa chini. Tuulize: ramani ya kijiji chetu iko wapi? Kibarua wa matuta atalipwa lini, na kiasi gani? Samadi itatoka wapi?