Michezo ya Ulimwengu Wazi: Mema Yake na Kasoro Zake
(Somo la kusomwa na kuzungumzwa pamoja na vijana)



Mzazi amwonapo kijana wake ameketi mbele ya kioo cha kompyuta muda wa saa nne, akipigana na joka lisilokuwapo na kupanda farasi asiye farasi, huuliza neno moja tu: "Kazi gani hii?" Kijana naye hujibu: "Huelewi, baba." Hapo mazungumzo yamekwisha. Mzazi hulaumu asilolijua, na kijana husifu asilolipima. Somo hili lataka kuwasaidia wote wawili. Halikusudii kuikataza michezo hii wala kuipigia debe, bali kuipima, ili anayekataa ajue akataalo, na anayecheza ajue achezalo.

I. MAANA YAKE

Michezo tunayoinena hapa yatambulikana kwa mambo matatu. La kwanza, mchezaji hujivika nafsi ya mtu mwingine: huchagua jina, sura na ujuzi, naye hukua kwa kadiri atendavyo. La pili, nchi anayoitembea ni ya kubuniwa, yenye majoka, majitu, walozi na wafalme wa kale. La tatu, nchi ile i wazi. Katika michezo mingine njia ni moja, kama ushoroba wa nyumba. Lakini hapa mchezaji akiona mlima kwa mbali aweza kuuendea, na akipenda kuiacha vita akachume majani ya dawa, hakuna wa kumzuia.

Asili ya michezo hii si kompyuta. Mwaka 1974 huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, unaochezwa mezani kwa karatasi, kalamu na dadu. Mmoja husimulia, wenzake husema mashujaa wao watafanya nini. Jambo hili si geni kabisa kwetu. Bibi akisema "Paukwa!" nasi tukaitika "Pakawa!", tayari tumeingia nchi isiyokuwapo. Tofauti ni hii tu: kwa bibi twasikiliza, na pale mezani msikilizaji hupewa ruhusa ya kuugeuza mwendo wa hadithi.

Baadaye kompyuta ikachukua kazi ya msimulizi. Mwaka 1981 Richard Garriott alitoa Ultima. Mwaka 1994 kampuni ya Bethesda ilianza mfululizo wa The Elder Scrolls, ambao mchezo wake wa tano, Skyrim, ulitoka tarehe 11 Novemba 2011. Hata kufika mwaka 2023 watengenezaji wake walisema nakala zilizouzwa zimepita milioni 60. Huko Poland kampuni ya CD Projekt Red ilitoa The Witcher 3 mwaka 2015, kwa kufuata ulimwengu wa vitabu vya Andrzej Sapkowski. Japani nako, Nintendo walitoa Breath of the Wild mwaka 2017, na FromSoftware wakatoa Elden Ring mwaka 2022. Basi jambo hili si la watoto wachache wala la nchi moja.

II. MEMA YAKE

Jema la kwanza ni kumfundisha mtu kutafuta njia kwa macho na akili zake. Katika Morrowind, mchezo wa mwaka 2002, hapakuwa na mshale wa kumwonyesha mchezaji aendako. Aliambiwa kwa maneno tu: fuata mto, pita daraja, kisha pinda kwenye jiwe kubwa. Asiyesoma vema alipotea. Katika Breath of the Wild mchezaji aweza kukwea karibu kila jabali, lakini mvua ikinyesha mwamba huteleza, na nguvu zake zikiisha huanguka. Hapo hujifunza kuitazama nchi kama msafiri aitazamavyo: mawingu yako wapi, bonde liko wapi, nitapumzika wapi. Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure.

Jema la pili ni kumzoeza mtu kushindwa bila kukata tamaa. Mwanzoni mwa Elden Ring yupo askari mwenye farasi na mavazi ya dhahabu, naye humwangusha karibu kila mchezaji mgeni. Wengi hurudia mara kumi, hukasirika, kisha hutambua kwamba nchi i wazi: hapana sharti la kumshinda leo. Huenda kwingine, hukusanya nguvu na ujuzi, kisha hurudi. Kujua wakati wa kushika na wakati wa kuacha ni hekima ambayo watu wazima wengi bado wanaitafuta.

Jema la tatu, nalo ndilo kubwa, ni kumwonyesha mtu matunda ya tendo lake. Mfano ulio bora ni wa zamani. Katika Ultima IV, mchezo wa mwaka 1985, hapana mfalme mwovu wa kuuawa mwishoni. Kazi ya mchezaji ni kukua katika fadhila nane, miongoni mwake uaminifu, huruma, haki na unyenyekevu. Yuko mwuza dawa aliye kipofu. Mchezaji akinunua, yeye mwenyewe hutaja kiasi cha fedha alicholipa, na kipofu hupokea bila kuhesabu. Akipunja, hapigwi wala hakamatwi na mtu. Lakini mchezo umeona, nao humpunguzia uaminifu wake kimya kimya; na asiye mwaminifu hawezi kuufikia mwisho. Ni vigumu kumfundisha kijana kwa maneno matupu jinsi udanganyifu usioonekana unavyomharibu mtu. Mchezo huu ulimfundisha kwa kumwachia mkono wake mwenyewe.

Katika The Witcher 3 nako kuna kisa cha mtawala mlevi aliyeivunja nyumba yake kwa kumpiga mkewe. Njiani mchezaji hukuta roho iliyofungwa chini ya mti. Akiifungua, watoto yatima wataokoka, lakini mke yule atakufa na mumewe atajinyonga. Akiiua, mke ataishi ingawa akili yake imeharibika, na mume atamchukua kwenda kumtafutia dawa. Bali wale watoto watapotea. Hapana njia iliyo safi. Tena mchezaji hajui mapema yatakayotokea, kama sisi tusivyojua.

III. KASORO ZAKE

Kasoro ya kwanza ni upana usio na kina. Daggerfall, mchezo wa mwaka 1996, ulikuwa na maelfu ya miji, vijiji na mapango, mengi yakipangwa kwa hesabu za kompyuta. Lakini aliyeona vijiji kumi alikuwa kama ameviona vyote. Hata Skyrim una utaratibu wa kumtungia mchezaji kazi zisizokwisha: nenda pango fulani, muue fulani, urudi upokee fedha. Kazi isiyo na mwisho mara nyingi haina maana pia.

Kasoro ya pili ni haraka isiyo haraka. Katika Skyrim joka kuu limerudi kuuangamiza ulimwengu. Jambo zito! Lakini shujaa akiamua kujenga nyumba, kuoa, kuoka mikate na kukamata vipepeo muda wa mwaka mzima, joka litamngojea. Hadithi yasema "kimbia," na nchi yasema "keti upumzike." Masikio mawili yakiambiwa maneno mawili, moyo hausadiki hata moja.

Kasoro ya tatu ni kumpa mtu mmoja kila cheo. Katika mchezo huo huo mtu yule yule aweza kuwa mkuu wa chuo cha uganga akiwa anajua uganga kidogo mno, tena mkuu wa wezi, tena kiongozi wa wauaji wa siri, naye akipita mjini husalimiwa kama shujaa. Watengenezaji hawakutaka kumfungia mchezaji mlango wowote. Lakini cheo kisichomgharimu mtu chochote ni nguo ya kuazima.

Kasoro ya nne ni kukua kusiko kukua. Katika Oblivion, mchezo wa mwaka 2006, adui wengi walipandishwa nguvu kadiri shujaa alivyopanda. Ikawa mnyang'anyi wa njiani, aliyevaa mavazi ya vita yenye thamani ya mali nyingi, amsimamisha msafiri kumdai sarafu chache. Watu walicheka, lakini neno lenyewe si la kuchekesha: ikiwa ulimwengu wote hupanda pamoja nami, nimepanda wapi?

Kasoro ya tano ni kula muda na fedha. Mwaka huo wa 2006 Bethesda waliuza mavazi ya farasi wa mchezoni kwa dola 2.50, na wachezaji wengi wakanung'unika. Tangu hapo biashara ya kuuza vipande vidogo vidogo imeenea mno. Kuhusu muda, Breath of the Wild una mbegu 900 zilizofichwa nchini mwote. Anayezikusanya zote hupewa zawadi yenye umbo la kinyesi cha dhahabu. Watengenezaji walifanya mzaha, lakini ni mzaha wenye mafundisho: si kila kilichohesabiwa chastahili kukusanywa.

Hapa yatupasa kusema kwa kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka ugonjwa wa kutawaliwa na michezo katika orodha yake ya magonjwa, iliyokubaliwa Mei 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Dalili zake ni tatu: mtu hawezi kujizuia, mchezo hutangulia mambo mengine ya maisha, naye huendelea hata akiona madhara. Tena kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 au zaidi, na iwe imemharibia masomo, kazi au jamaa yake. Kwa hiyo kijana aliyecheza sana wakati wa likizo si mgonjwa, na aliyeacha shule kwa ajili ya mchezo hafai kuambiwa "ni ujana tu."

IV. SHINA LA MEMA NA KASORO

Ukitazama sana utaona kwamba mema na kasoro hizi zina shina moja, nalo ni uhuru. Mchezaji apewapo uhuru wa kwenda popote, hujifunza kuchagua. Lakini watengenezaji wakiogopa kumnyima kitu chochote, uchaguzi wake hupoteza uzito. Mtaka yote hukosa yote. Ultima IV na kisa cha yule mtawala mlevi vyatugusa kwa sababu kuchagua hili ni kulikosa lile. Vyeo vya Skyrim havitugusi hivyo, kwa sababu kuchagua hili hakukunyimi lile wala lile jingine.

Labda mtu atasema: "Mchezo ni mchezo, uzito wa nini?" Twajibu: kitu ambacho mtu amekipa saa mia za maisha yake chastahili kuulizwa kimempa nini.

Labda mwingine atasema: "Michezo hii imejaa uchawi, yatosha kuitupa." Twajibu: hadithi za wazee wetu nazo zimejaa majitu na wanyama wasemao, wala hatukuzitupa, maana msikilizaji alijua kuwa ni hadithi. Lakini msemaji huyu asidharauliwe, kwa kuwa umri ni jambo la kweli. Katika Ulaya The Witcher 3 umewekewa alama ya miaka 18, na Breath of the Wild alama ya miaka 12. Mzazi asomaye alama hiyo kabla ya kununua amefanya zaidi ya mzazi agombaye baada ya kununua.

V. NAMNA YA KUPIMA

Mwenye kutaka kuupima mchezo wa namna hii na aulize mambo manne:

1. Je, mchezo hukumbuka nililotenda, au nikigeuka umekwisha kusahau?
2. Je, kuna mlango ufungwao kwa sababu nimechagua mwingine?
3. Je, natembea kwa kuwa nataka kuona, au kwa kuwa orodha haijaisha?
4. Nikiuzima sasa hivi, je, naweza kuinuka?

Matatu ya kwanza humpima mtengenezaji. La nne humpima mchezaji.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Yule kipofu mwuza dawa hakujua kwamba amepunjwa. Ni nani basi aliyedhurika?
2. Katika kisa cha roho chini ya mti, wewe ungefanyaje? Toa sababu zako, kisha usikilize za mwenzako pasipo kumkatiza.
3. Je, uhuru usio na hasara yoyote ni uhuru wa kweli? Toa mfano kutoka katika maisha ya kijiji au mji wako.
4. Wazazi: mwombeni kijana awaonyeshe mchezo aupendao kwa muda wa nusu saa, nanyi msihukumu mpaka muda huo uishe. Vijana: waelezeni wazazi kasoro mbili za mchezo huo kabla ya kuwaeleza mema yake.