Somo: Gari la Petroli Linapokosa Moto



Safari hii tunaangalia magari ya zamani ya petroli yenye mfumo wa moto wa kielektroniki, mfano Toyota Hilux ya injini ya 22R. Land Cruiser za dizeli hazihusiki, kwani hazina plagi za cheche.

Gari likizima kati ya Songea na Namtumbo likiwa na mgonjwa au mbegu, mara nyingi kamati huletewa ombi moja tu: kununua ignaita, yaani kile kisanduku kilichochukua kazi ya pointi. Ni kifaa cha bei, na si rahisi duka likirudishe. Tunashauri mweka hazina asitoe fedha kabla ya kuona majibu ya vipimo kwa maandishi.

Fundi aanze na betri: ikitulia iwe na volti 12.6 hivi. Asafishe vichwa vyake na waya hasi unaofungwa kwenye injini. Swichi ikiwa imewashwa, upande chanya wa koili uwe na volti zinazokaribia za betri. Zikipungua sana, kosa liko kwenye waya, fyuzi au swichi.

Halafu cheche. Plagi nzima ichomekwe kwenye waya wake na iegemezwe kwenye chuma cha injini, kisha stata ipigwe. Isishikwe kwa mkono, maana umeme huo hufika volti 20,000 na zaidi, na pasiwe na petroli iliyomwagika. Waya usiachwe ukining'inia, kwani huweza kuunguza ignaita nzima! Cheche ikiwa ya bluu na kali, kosa litafutwe kwenye petroli. Isipokuwepo, kifuniko cha distribyuta kikaguliwe unyevu na nyufa, hasa wakati wa mvua. Ndani, nafasi kati ya kihisio na meno yanayozunguka iwe milimita 0.2 hadi 0.4.

Linalosumbua zaidi ni gari linalozima likipata joto na kuwaka baada ya nusu saa. Likifika gereji limepoa, kila kipimo huonekana kizuri, na hapo ndipo fundi hubahatisha. Kwa hiyo dereva abebe plagi ya akiba, apime cheche pale pale lilipozimia. Ikikosekana, koili na kihisio vipimwe vikiwa bado vya moto, vikilinganishwa na kitabu cha gari. Vikiwa sawa, na umeme unafika, basi ombi la ignaita lina msingi.