Vidonge Vilivyobaki Kabatini: Vijana Balehe na Matumizi Mabaya ya Dawa za Cheti

Mgonjwa aliyevunjika mguu huandikiwa tramadoli ili kupunguza maumivu. Baada ya wiki mbili maumivu hutulia naye huacha kumeza, lakini vidonge vilivyobaki huhifadhiwa kabatini ili vije vifae siku nyingine. Katika nyumba yenye kijana wa miaka 15, akiba hiyo ni hatari.

Matumizi mabaya ya dawa za cheti ni kutumia dawa aliyoandikiwa mtu mwingine, kuzidisha kipimo, au kumeza dawa kwa lengo la kulewa. Dawa zinazohusika zaidi ni za maumivu za jamii ya afyuni, kama tramadoli na kodeini. Za usingizi na kutuliza wasiwasi, kama diazepamu. Na vichangamshi vya ubongo. Afrika haikusalimika: mwaka 2018 Naijeria ilipiga marufuku utengenezaji na uingizaji wa dawa za maji za kikohozi zenye kodeini, baada ya vijana wengi kuzigeuza kileo.

Kwa nini ni hatari

Kijana hudhani kwamba kilichotoka kwa daktari hakiwezi kumdhuru. Kumbe usalama wa dawa hutegemea kipimo, muda na mwili wa aliyeandikiwa. Ini hubadilisha kodeini kuwa mofini, na wapo watu ambao kwa kurithi huibadilisha upesi mno, hata kipimo cha kawaida kikaweza kudhoofisha upumuaji wao. Tramadoli ikizidi huweza kuleta degedege. Dawa hizi zikichanganywa na diazepamu au pombe, upumuaji huweza kusimama kabisa.

Dalili na huduma ya kwanza

Mzazi ashtuke aonapo usingizi wa mchana usio wa kawaida, mboni za macho zilizosinyaa, masomo yanayoporomoka ghafla, au vidonge vinavyopungua bila maelezo. Kijana asiyeamshika, anayepumua polepole au mwenye midomo iliyobadilika rangi alazwe ubavu na kupelekwa hospitali mara moja, pamoja na pakiti ya dawa aliyomeza. Asitapishwe wala kunyweshwa chochote. Mtumishi wa afya aanze kwa kusaidia upumuaji, kisha atoe nalokisoni iwapo afyuni inashukiwa, akikumbuka kwamba nalokisoni haiondoi athari za diazepamu wala pombe.

Kinga

Kinga huanza kwenye cheti. Daktari aandike vidonge vya siku zinazohitajika tu, na amweleze mgonjwa la kufanya na vitakavyobaki. Muuzaji wa duka la dawa asitoe dawa hizi bila cheti, hata kama mtoto anadai ametumwa na mzazi. Nyumbani, dawa zihesabiwe na kufungiwa. Zilizobaki zirudishwe kituo cha afya au duka la dawa linalozipokea. Isipowezekana, zichanganywe na udongo au majani ya chai yaliyokwisha kutumika, zifungwe vizuri kisha zitupwe mahali ambapo watoto hawafiki.

Kijana aliyekwisha kuzoea asilazimishwe kuacha kwa siku moja. Kusitisha diazepamu ghafla baada ya matumizi ya muda mrefu huweza kuleta degedege na hata kifo. Kipimo hupunguzwa hatua kwa hatua chini ya uangalizi wa daktari. Uraibu ni ugonjwa unaotibika, na viboko si tiba yake.

Kliniki nayo ina wajibu. Mhudumu amwombe mzazi atoke kwa muda mfupi, kisha amuulize kijana kwa upole ni dawa gani anazotumia, amezipata wapi, na anazimeza ili kutuliza nini. Swali hilo la mwisho hufichua mara nyingi kukosa usingizi, hofu ya mitihani, msiba au unyanyasaji. Jambo hilo lisiposhughulikiwa, kijana atatafuta kidonge kingine hata kabati likifungwa.