Bonde la Mashapo la Sverdrup: Ufa, Chumvi na Mkunjo

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili huishiwa na pumzi pale elimu ya miamba inapoanza. Makala haya yanalipima dai hilo ugenini kabisa, katika visiwa vya Aktiki ya Kanada, penye bonde la mashapo lenye jina la Otto Sverdrup, Mnorwei aliyevizuru visiwa hivyo kati ya 1898 na 1902.

Bonde hili lilizaliwa juu ya mabaki ya milima. Yapata miaka milioni 360 iliyopita ganda la dunia lilibanwa, miamba ikakunjamana. Kisha, katika kipindi cha Karboniferasi, mbano uligeuka mvuto: ganda likanyooka, likapasuka, likadidimia. Neno letu 'ufa' linatosha hapa bila kukopa. Bahari ikaingia, maji yake yakakauka na kuacha chumvi na jasi. Juu yake mchanga na tope vikarundikana hadi unene wa kilomita 13 hivi.

Chumvi ndiyo inayowatatiza wengi. Ni nyepesi kuliko mashapo yaliyoshindiliwa, na ikilemewa hutiririka polepole mithili ya kinyunga kilichokandamizwa, ikapenya juu na kujenga kuba. Katika kisiwa cha Axel Heiberg kuba hizo zi wazi machoni. Anayeona matabaka yaliyoinuka kandoni mwake aweza kudhani yote ni kazi ya mbano wa milima. La hasha! Tabaka linalopungua unene kadiri linavyoikaribia kuba lilitua wakati chumvi ikipanda. Mkunjo unaopinda matabaka bila kuubadili unene wake ulikuja baada ya matabaka hayo kutua. Asiyetofautisha haya mawili huipindua historia nzima.

Katika Kretasia ganda lilinyooshwa tena, magma ikapenya na basalti ikamwagika. Hatimaye, hasa katika Eosini, sakafu ya bahari iliyokuwa ikitanuka iliisukuma Greenland dhidi ya kisiwa cha Ellesmere. Bonde likabanwa, miamba ya kale ikapandishwa juu ya michanga.

Ushahidi wa awamu hii ya mwisho unagusa moyo. Huko Axel Heiberg vipo visiki vya msitu wa miaka milioni 45 hivi, mbao zake zingali mbao, hazijageuka jiwe. Vilifunikwa na mashapo yaliyoporomoka kutoka milima iliyokuwa ikiinuka wakati huohuo.